Ufa wa Mama Mkwe

Kuna wanaocheza tenisi kwa mikono, na kuna wanaocheza kwa miguu. Mama mkwe wa fundi mmoja wa viwanja alicheza kwa ufa.

Ufa wenyewe ulikuwa kwenye uwanja wa bustani ya mtaa, upande wa mti, katika kona ya nyuma iliyo kushoto kwa anayecheza upande huo. Ulianza kama uzi, mzizi wa mti ulipopenya chini ya uzio na kuinua lami taratibu, kama mgeni anayesogeza viti vya watu bila kuomba ruhusa. Mwisho ukawa mpana kiasi cha kumeza vidole. Mpira ukiangukia pale haukudunda kama mpira wenye adabu zake. Ulichepuka kushoto moja kwa moja hadi uzioni, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Wachezaji wote wa mtaa waliuchukia ufa ule, isipokuwa mmoja aliyejifunza kuulenga.

Mama huyu alikuwa mkunga mstaafu mwenye goti bovu. Kukimbia hakuweza, kwa hiyo aliwakimbiza wengine. Angerudisha mpira hapa na pale, polepole, huku anaongea na watazamaji habari za bei ya sabuni, kisha bila kubadilisha sauti angeupeleka mpira ufani. Watazamaji waliokaa kwenye mabenchi wangepaza sauti kwa pamoja, "Ufa!" na mpinzani angeruka kushoto kuufuata mpira unaokimbilia uzioni. Aliyeruka mapema aliupata mara moja katika kumi. Asiyeruka hakuupata kamwe. Nusu ya wapinzani wake alikuwa amewapokea mwenyewe walipokuja duniani, na utamshindaje mtu ambaye kitu cha kwanza alichowahi kukufanyia ni kukupiga kofi la makalio?

Fundi alimjua mama huyu kwa ufa kabla ya kumjua kwa jambo jingine lolote. Siku aliyokwenda kujitambulisha nyumbani kwa mchumba wake, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili, aliambiwa mama yuko bustanini. Akaenda. Mama akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, akampa raketi, akamwambia maneno watayazungumza baadaye. Alikwenda kuomba mke, akarudi na goti lililochubuka. Tangu hapo walikuwa wakicheza kila Jumapili, na tangu hapo alikuwa hajawahi kumshinda hata siku moja. Hakuona aibu. Alimpenda mama yule, na alimwogopa kidogo, kama inavyotakiwa.

Sasa, jambo la ajabu ni kwamba aliyepigania uwanja ule ukarabatiwe ni mama huyo huyo. Alikwenda ofisi za manispaa, akaketi kwenye benchi la nje ya mlango wa ofisa wa bustani, akatoa kitambaa chake cha kufuma. Siku iliyofuata akarudi, na nyingine tena, hadi kitambaa kikawa sweta. Ofisa alipomwambia awe na subira, mama alimjibu kwamba yeye ofisa alizaliwa kwa kutanguliza miguu, baada ya kumkesheza mama yake siku mbili, na anaona tabia ya kuchelewesha mambo hajaiacha. Halafu akamkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ofisa akasaini. Kazi ikaangukia kikosi cha manispaa kinachotengeneza viwanja, na kiongozi wa kikosi hicho alikuwa fundi, mkwe wake.

Fundi alifika nyumbani na habari hiyo kwa furaha. Mke wake alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayekwenda kumnyang'anya mama ufa wake," alisema.

Fundi akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Mke akafunga bomba, akamkumbusha mambo ambayo fundi aliyajua ila hakuwa ameyaweka pamoja. Baba alipofariki, mama alifunga mapazia. Alikula akiwa amesimama jikoni, akalala mchana, akaacha kuitika mlango ukigongwa. Watoto walimbembeleza wakachoka. Kilichomtoa kitandani ni wachezaji wa bustanini, waliokuja kulalamika kwamba bila yeye mchezo umepooza, hakuna wa kumshinda kila mtu. Akavaa raba, akatoka. Na tangu siku hiyo ameendelea kutoka. Mke alisema anamjua mama yake: si mtu wa kwenda mahali kuonewa huruma. Akianza kushindwa na kila mtoto wa juzi, ataweka raketi juu ya kabati, na mapazia yatafungwa tena.

"Lakini ni yeye mwenyewe aliyeomba," fundi alijitetea.

"Ameombea mtaa. Hajajiombea yeye."

Usiku ule fundi alijigeuza kitandani mpaka mke akamwambia achague upande mmoja.

Kazi ikaanza. Na hapa lazima isemwe wazi kwamba fundi huyu alikuwa hodari, si kwa maneno ya kilemba cha ukoka bali kwa macho. Alianza na mti, kwa sababu kuziba ufa na kuuacha mzizi ni kumpaka poda mgonjwa wa homa. Nje ya uzio walichimba mtaro, wakaukata mzizi kwa msumeno, wakasimamisha kwenye mtaro karatasi ngumu ya plastiki ili mizizi mingine ikija igeuzie hapo. Wakausugua uwanja kwa maji yanayorushwa na mashine kwa nguvu, kuvu nyeusi ikatoka, na lami ikaonekana rangi yake ya kweli, ambayo wenyeji wengi walikuwa hawajawahi kuiona. Kisha ukaja ufa. Watu wa bustanini walisimama nje ya uzio wakishangaa kuona mafundi wanaupanua kwanza kwa mashine ya kukatia badala ya kuuziba. Fundi aliwaeleza kwamba ufa usiposafishwa mpaka ndani, dawa inashika vumbi, haishiki ukuta. Walipuliza vumbi kwa mashine ya upepo, wakamimina kijazio tabaka kwa tabaka, kila tabaka likauke kabla ya jingine, kwa maana ukijaza yote kwa mkupuo mmoja katikati hunywea. Juu wakalaza utepe wa kitambaa cha wavu, wakaupaka.

Mama mkwe alikuwa anakuja kila siku na kiti chake cha kukunja. Alifuma tu, akatazama. Mara moja fundi alimwona amesimamisha sindano zake, akiangalia kijazio kikiingia ufani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesindikiza msafiri kituoni. Moyo wa fundi ukamuuma kwelikweli. Hapo ndipo akili ikamruka.

Jioni ile wenzake walipokwisha kuondoka, alirudi kwenye kona ile akiwa na mwiko wake mdogo wa kusawazishia. Tabaka la mwisho lilikuwa bado laini. Akalikwangua kidogo, kwa ustadi mkubwa, akaacha kibonde kisichozidi upana wa sahani. Ungepita juu yake usikihisi. Lakini mpira ungekihisi. Usingechepuka kama zamani, ila ungeinama kidogo, ungezubaa kidogo, na kwa mtu anayejua kuulenga, kidogo kinatosha. Mkono uleule ambao kwa miaka yote ulikuwa unasawazisha, leo uliharibu, na uliharibu vizuri. Fundi alikwenda nyumbani hajui kama ajione mkwe mwema au fundi mhuni. Mke alipomuuliza mbona hali, alisema ana gesi.

Ikafika siku ya maji. Hii ni siku ambayo watengeneza viwanja wanaiheshimu kuliko siku ya rangi. Uwanja wote unamwagiwa maji mpaka unakuwa kama bwawa, halafu unaachwa jua likifanya kazi yake. Maji hayana upendeleo. Yatatiririka kama uwanja una mteremko wake mdogo unaotakiwa, na yakibaki mahali, hapo pana bonde. Kisha fundi anapita na sarafu, anailaza kwenye kila dimbwi lililobaki. Maji yasipoifunika sarafu, dimbwi limesamehewa. Yakiifunika, panajazwa upya. Ndipo tu rangi inapakwa.

Fundi alikuwa ameshapanga kwamba sarafu ya kona ile ataiweka yeye mwenyewe, ukingoni, mahali maji yalipo machache. Alichosahau kupanga ni mama mkwe. Maji yalipokuwa yamekwisha kushuka, alimwona anavua viatu, anakunja gauni, anaingia uwanjani pekupeku kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Hakuangalia kulia wala kushoto. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona yake.

Palikuwa na dimbwi la duara, safi, limebeba kipande cha mbingu. Uwanja mzima ulikuwa umekauka, limebaki lile peke yake.

Mama akatoa sarafu kwenye pochi, akainama kwa shida kwa ajili ya goti, akaiweka katikati. Sarafu ikazama. Akasubiri mpaka fundi akafika.

"Huu ni uzembe au ni huruma?" aliuliza kwa sauti ya chini, ili kikosi kisisikie.

Fundi alifikiria kudanganya, akakumbuka anaongea na nani.

"Ni huruma, mama."

"Basi afadhali ingekuwa uzembe. Uzembe ningekusamehe."

Fundi akaanza kueleza, akamtaja mke wake, akayataja mapazia, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona mdogo. Mama alimwachia mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamwambia akae, nao wakakaa pale chini kwenye lami yenye joto, mtu na mkwe wake, miguu imenyooshwa.

"Sikiliza, baba," alisema. "Kila nikishinda, watu wanasema ni ufa ulioshinda. Wanasema kwa kunitania, nami nacheka. Lakini nikifika nyumbani nalifikiria. Miaka yote hii sijui kama nilikuwa nashinda mimi au ulikuwa unashinda ufa. Goti hili litanikataza kucheza siku si nyingi. Nataka nijue kabla halijanikataza."

Mama akalisugua goti kwa kiganja.

"Sasa wewe umekuja kunirudishia kaufa ka siri, ili nisijue mpaka nife. Ziba hapa. Na siku ya kufungua uwanja nitacheza na wewe, si mwingine. Ukinihurumia, hata kwa mpira mmoja, nitajua, na usije ukakanyaga mlango wangu."

Akainuka kwa kushika bega lake, akaenda kuvaa viatu.

Fundi alilijaza bonde lile siku hiyo hiyo. Mwenzake mmoja kikosini, waliyemwita Pima kwa sababu hakuamini hata meza ya chakula mpaka aipime, alileta rula ndefu ya alumini wakailaza pande zote, na hapakupita hata karatasi chini yake. Wakamwaga maji tena. Kona ikakauka pamoja na uwanja wote. Pima alisema katika maisha yake ya kazi hajaona kiraka kilichonyooka namna ile. Fundi hakumwambia kwamba kiraka kile kilizibwa na mtu mwenye hofu.

Kilichofuata kilikuwa raha tupu kwa mwenye macho. Rangi iliyochanganywa na mchanga laini ilimwagwa kwa mstari mrefu, na mafundi wakaisukuma kwa mbao zenye ukingo wa mpira, wakitembea sambamba bila kusimama, maana ukisimama alama inabaki. Kijani kikalala nje, buluu ikalala ndani. Fundi mwenyewe alipiga mistari, amepiga magoti kati ya tepu mbili, na tepu zilipobanduliwa mistari ilikuwa imenyooka kiasi kwamba mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake alisimama, akavua kofia. Kweli alivua. Wavu mpya ukafungwa na mkanda wake mweupe katikati. Uwanja uliokuwa unatia huruma sasa ulitia hamu.

Siku ya kufungua mabenchi yalijaa. Ofisa wa bustani alikuja, akakaa mbali na mama mkwe. Mke wa fundi alikaa mbele kabisa, mikono ameibana mapajani, hamtazami mume wala mama.

Fundi alicheza kwa moyo wote, na moyo wote ule ulimuuma. Alimpelekea mama mipira mirefu, akamkimbiza kulia, akamkimbiza kushoto, akaona goti linavyomsaliti. Mama alianza vibaya. Mipira miwili aliipiga wavuni, mmoja akautoa nje, na mabenchi yakanyamaza kimya cha msibani. Fundi alitamani alegeze mkono. Alipomtazama mama ng'ambo ya wavu aliona jicho lile la mkunga, linalomjua mtoto anayelia kwa njaa na anayelia kwa deko, akaendelea kupiga.

Kisha mama akaanza kupata. Hakuongeza kasi, kwa kuwa hakuwa nayo. Alipunguza kasi ya kila kitu. Mpira aliourudisha uliangukia sentimita chache kabla ya mstari wa nyuma, halafu mwingine papo hapo, halafu mfupi nyuma ya wavu, mpaka fundi akajikuta anapumua kwa mdomo na anasogea kama fanicha. Watu wakaanza kuongea tena kwenye mabenchi. Mmoja akacheka. Mama naye akaanza kuwaambia habari za bei ya sabuni.

Wakafika pointi ya mwisho wakiwa sawa. Fundi alikuwa upande wa mti. Mpira ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi. Fundi aliupiga vizuri kuliko mpira wowote aliowahi kupiga, mama akaufikia kwa mguu mmoja, na mkono wake ukafanya kile kitendo kidogo ambacho mtaa mzima ulikijua. Mpira ukaondoka polepole kuelekea kona ya kushoto ya nyuma.

"Ufa!" mabenchi yakapaza kwa pamoja.

Na fundi akaruka kushoto.

Aliruka kwa nguvu zake zote, mpaka bega likagonga uzio. Mpira uliangukia mahali palepale, ukadunda wima, safi, kama mpira wenye adabu zake, ukapita kulia kwake pale alipokuwa amesimama kabla hajaruka. Ukadunda mara ya pili. Ukabingirika. Kila mtu pale alijua ufa haupo, na kila mtu alikuwa ameuita kwa jina. Kisha kicheko kikaanza upande mmoja kikazunguka mabenchi yote, mke wa fundi akalia na kucheka pamoja, na ofisa wa bustani akasimama kupiga makofi akasahau alikuwa anajificha.

Mama hakucheka. Alitembea hadi wavuni akichechemea, akamsubiri.

"Umenihurumia?"

"Hapana, mama," fundi alisema, akijishika bega. "Nimeruka mwenyewe. Mazoea."

Mama alimtazama usoni kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akiwatazama vichanga kuhakikisha wanapumua, akaona ni kweli. Fundi naye, kwa mara ya kwanza, aliona jambo ambalo mtaa wote ulikuwa umelipita miaka mingi. Ufa ulikuwepo kwa kila mtu. Kila aliyesimama upande wa pili aliweza kuulenga, na wengi walijaribu, na yeye mwenyewe alijaribu, na mipira yao ilikwenda kila mahali isipokuwa pale. Katika mtaa mzima ulikuwepo mkono mmoja tu unaoweza kuutua mpira penye upana wa sahani. Akataka kumwambia yote hayo, akasema tu, "Ulikuwa ni mkono wako, mama. Siku zote."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo aliyoyangoja. Akajifuta uso kwa taulo, na akalichelewesha taulo machoni.

"Nilipoupiga," alisema baadaye, "nilijua utadunda wima. Hata sikufikiria mara mbili. Niliiamini kazi yako, mwanangu." Akamgonga kifuani kwa kishikio cha raketi. "Ajabu ni kwamba wewe mwenyewe hukuiamini."

Akaenda kukaa kwenye kiti chake cha kukunja, akauliza kwa sauti nani anafuata.

Waliofuata waliingia kwa furaha, na fundi aliwaona, mmoja baada ya mwingine, wanafika kwenye ile kona ya kushoto na kuinua mguu kuruka kitu ambacho hakipo. Akaenda pale, akasimama kwa miguu yote miwili, akabaki amesimama mpaka wakamwomba atoke wacheze.